Baisepsi inasaidia kweli kwenye mieleka ya mikono, ama tunadanganyana?

#1 ChumaFreeArea (Nakuru)
Hamjambo. Nina swali lenye aibu ndani yake, kwa hivyo mnicheke pole pole.

Nimekunja chuma miezi kumi na minane. Jumatatu baisepsi, Alhamisi baisepsi, na Jumamosi nikipata nafasi naiba seti mbili za ziada. Mkono wa juu umefika inchi 17. Mitumba siku hizi napima mkono kwanza, kifua baadaye.

Jumapili tulikuwa kwa jirani, watu wakaanza kuangushana mikono kwenye meza ya plastiki. Nikalaza watatu. Wa nne alikuwa kijana anayekamua ng'ombe kwenye shamba fulani upande wa Njoro. Mkono wake ukiuweka kando ya wangu utadhani mpini wa jembe umeegemezwa kwa gunia. Tukashikana. Kabla sijavuta vizuri nikaona kiganja changu kimegeuka kinaangalia juu, vidole vimefunguka, na nyuma ya mkono imeshagusa meza. Tukarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama niko tayari. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Sasa nyinyi mnaojua: baisepsi ina kazi gani kwenye huu mchezo? Ama nimekuwa nikifuga pambo?

#2 BodaSection58 (Nakuru)
Inchi 17, na umeangushwa na maziwa. Pole sana.

#3 MzeeWaKibuye (Kisumu)
Kijana, hilo ni pambo. Mimi nimekaa sokoni Kibuye miaka mingi nikiangalia wabeba magunia wakivutana mikono siku biashara ikilala. Hakuna hata mmoja mwenye kilima kwenye mkono wa juu. Angalia kigasha, huo mkono wa mbele, angalia unene wa kifundo cha mkono, angalia vidole. Mtu akikushika ukahisi umeshikwa na koleo, salimu amri mapema ulinde heshima.

#4 KitaleKwaNguvu (Kitale)
Mzee #3 nakuheshimu lakini hapo umevuka mpaka. Baisepsi ni pambo kwa asiyejua kuitumia. Kuna njia zaidi ya moja ya kumlaza mtu. Ukiingia na ndoano, yaani unakunja kifundo kuelekea kwako, unageuza kiganja kikuangalie na kumburuta mwenzako aje ndani, pale ni baisepsi tupu. Mkono ukifunguka tu kwenye kona, umekwisha. Na nani anazuia kona isifunguke? Tazameni Levan wa Georgia, bingwa wa mchezo huu, mkono wake ni kama paja la mtu. Alimtandika yule Mkanada John Brzenk sita kwa sufuri. Mniambie hiyo ni vidole.

#5 RefaBilaKadi (Kisumu)
#4 umechanganya majina. Brzenk ni Mmarekani. Mkanada ni Devon Larratt, aliyekuwa mwanajeshi. Aliyepigwa 6-0 na Levan Saginashvili ni Larratt, Dubai, mwaka 2022. Matokeo umepatia, mtu umekosea.

Tena Brzenk anaharibu hoja yako. Ni mtu mwenye mwili wa kawaida tu ukilinganisha na majitu ya mchezo huu, na kwa miaka na miaka amekuwa akiangusha watu waliomzidi uzani kwa mbali. Mwaka 1986 Las Vegas alishinda mashindano ya madereva wa malori, zawadi ikawa lori.

#6 BodaSection58
Lori???? Sisi huku tunavunjana mifupa kwa sababu ya soda.

#7 KitaleKwaNguvu
Sawa #5, nimekubali kosa la jina. Hoja iko pale pale.

#8 SindanoNaBendeji (Kakamega)
Mimi nafanya kazi na watu walioumia viungo, kwa hivyo nitaeleza nyama zenyewe, halafu mtaendelea kupigana.

Baisepsi imejishikiza kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba. Ina kazi mbili kubwa: kukunja mkono, na kugeuza kiganja kiangalie juu. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Kunja mkono kwa pembe ya mraba, weka vidole vya mkono wa pili juu ya baisepsi, kisha zungusha kama mtu anayefungua kitasa, huku na huku. Utaisikia inavimba kiganja kikienda juu na kulala kiganja kikienda chini.

Kiganja kikiangalia chini au pembeni, mzigo mwingi wa kukunja unabebwa na misuli iliyojificha chini ya baisepsi. Hiyo imeshika ule mfupa mwingine, wa upande wa kidole kidogo, ambao hauzunguki, ndiyo maana haijali kiganja kimeelekea wapi. Na kuna ule unaovimba juu ya kigasha ukishika nyundo. Hawa wawili hakuna anayewapiga picha kwenye kioo.

Sasa #1, huyo mkamuaji hakushindana na baisepsi yako hata kidogo. Alipanda juu ya vidole vyako, akageuza mkono wake kuelekea chini huku akijivuta nyuma, kifundo chako kikavunjika kwenda nyuma. Kifundo kikishalala, baisepsi inabaki kama injini ya lori iliyokatika shafti. Inanguruma, gurudumu halisongi.

#9 ChumaFreeArea
#8 nimejaribu hiyo ya kitasa. Niko kwenye matatu. Mama wa kiti cha pembeni amesogea kidogo.

#10 MwalimuMstaafu (Busia)
Naomba nisahihishe jambo moja kabla hatujafika mbali. Nimeona wengi mtaani wakiita kiungo cha katikati ya mkono "kiwiko". Kamusi za zamani zinasema kiwiko ni pale kitanga kinapokutana na kigasha. Pale katikati ni kisukusuku, au kisugudi, na wengine husema kivi. Mkichanganya haya, mtu ataambiwa aweke kiwiko mezani atalaza mkono wote.

#11 RefaBilaKadi
Mwalimu, na kamusi za sasa je? Kenya nzima ukisema kiwiko mtu anashika pale katikati. Hata gazeti likiandika fulani amempiga mwenzake kiwiko uwanjani hakuna anayewaza kifundo.

#12 MwalimuMstaafu
Wengi kukosea si kupatia.

#13 BodaSection58
Mwalimu amelaza #11 bila kutumia baisepsi.

#14 BintiLurambi (Kakamega)
Hamjambo, mimi si wa jimu ila nina kisa. Mama yangu ni mpishi wa shule, na kukiwa na matanga kwetu huitwa yeye kusonga ugali. Si ugali wa nyumba. Sufuria ambayo mtoto wa darasa la pili akiingia haonekani, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Unga ukianza kukaza anashika mwiko mkono mmoja juu, mwingine chini, anaukandamiza ukutani mwa sufuria kisha anaugeuza, anakandamiza, anageuza. Moshi machoni, leso kiunoni, na habari za kijiji anatoa zote.

Desemba iliyopita wajomba walikuwa wanavutana mikono baada ya chakula. Mmoja anafanya jimu Nairobi. Mama akapita na beseni la vyombo, wakamwita kwa mzaha. Akapangusa mkono kwa leso, akakaa. Mjomba alishikilia kama dakika moja hivi akawa mwekundu, na sisi hatuwi wekundu kirahisi. Halafu mkono ukashuka pole pole kama bendera jioni. Mama akaokota beseni akaenda.

Kwa hivyo mimi nasema ni kazi, si chuma.

#15 MzeeWaKibuye
Mulembe binti. Huyo mama ana undugu na watu wa Kibuye?

#16 KitaleKwaNguvu
Kisa kizuri #14, lakini usisahau wapishi mia wengine ambao wangeangushwa. Tunasimulia wa kushinda tu. Mkamuaji akishindwa na mtu wa jimu, hakuna anayefungua uzi.

#17 DungaMakasia (Kisumu)
Omera #16 ameongea ukweli mchungu. Mimi ni mvuvi, navuta nyavu na kasia tangu utoto, na nimewahi kulazwa na karani wa benki mwenye mikono laini kama mkate. Alinieleza baadaye kwamba alinishinda kabla ya "anza". Aliposhika mkono wangu alipanda juu kidogo, akaficha kidole gumba changu, akasogeza tumbo mpaka likagusa meza. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kama mtu anayeogopa mchuzi. Nguvu zangu zote zilikuwa zinasafiri mwendo mrefu kufika kwake.

Nyavu pia zinanifundisha hivyo. Hatuvuti kwa mkono. Mkono ni kamba tu, anayevuta ni mgongo na miguu. Ukivuta wavu kwa baisepsi, saa tatu asubuhi umekwisha.

#18 SindanoNaBendeji
#17 umegusa penyewe. Mabingwa wanatumia sana misuli ya mgongo, ile mipana ya chini ya kwapa, na misuli ya kifua na ya ndani ya bega inayogeuza mkono kuelekea tumboni. Baisepsi kazi yake mara nyingi ni kushikilia pembe isifunguke ili nguvu ya mwili ifike mkononi. Inashikilia tu, haisogei. Na nguvu ya kushikilia hujengeka zaidi kwenye pembe ile uliyoizoeza. Mtu anayepandisha na kushusha chuma haraka haraka hajawahi kuifundisha kukaa palepale na kukataa.

#19 KitaleKwaNguvu
Kwa hivyo baisepsi inahitajika. Asante kwa kunitetea.

#20 SindanoNaBendeji
Sikusema hivyo.

#21 KitaleKwaNguvu
"Kushikilia pembe isifunguke." Maneno yako.

#22 RefaBilaKadi
Hata mlango unahitaji bawaba, lakini hakuna anayejenga nyumba ya bawaba.

Na kuna jambo hamjagusa: umbo. Yuko Mjerumani anaitwa Matthias Schlitte, wanamwita Hellboy, kazaliwa na mkono wa kulia mkubwa kuliko wa kushoto. Kigasha kama cha katuni, mwili uliobaki wa kawaida. Yule hakununua ule mfupa jimu. Kuna watu wamezaliwa na viganja vipana, na ukishashikwa na kiganja kinachokufunika chote, mambo ya seti na marudio ni hadithi.

Kwa upande wa pili, Larry Wheels, mnyanyua chuma wa Marekani, alipoanza mchezo huu aliangushwa na watu wembamba mbele ya kamera. Hakuacha. Alijifunza kifundo na mbinu akawa mshindani wa kweli. Kwa hivyo nguvu ya jimu haipotei bure, inangoja tu kupewa mlango wa kutokea.

#23 MkataMiwa (Muhoroni)
Ni umbo. Mimi nina mkono mrefu wa mbele na nikipanda juu ya vidole vya mtu sishuki. Nikivutwa ndani nakufa mara moja. Rafiki yangu ni mfupi, kinyume changu kabisa. Tumekata miwa safu moja miaka sita, panga ile ile, jua lile lile. Kazi imetupa nguvu sawa, mifupa imetupa njia tofauti.

#24 JuaKaliKondele (Kisumu)
Nyinyi mnaongea mbinu, mimi nawaletea onyo. Nilikuwa mahali pa kinywaji hapa Kisumu, sitataja, watu wawili wakavutana kwa sababu ya bili. Mmoja alikuwa anashindwa, mkono uko karibu kugusa, yeye akageuza uso na bega upande mwingine kabisa apate nguvu ya mwisho. Tukasikia mlio kama mtu amevunja muwa kwenye goti. Redio ilikuwa juu na bado tulisikia. Mkono ukabaki mezani umeelekea kule, yeye ameelekea huku. Hakulia. Aliuangalia tu kama ni wa mtu mwingine. Bili nililipa mimi.

#25 BodaSection58
Leo sitanii. Hiyo ni nini daktari?

#26 SindanoNaBendeji
Mimi si daktari, lakini hiyo naijua. Ni mfupa wa mkono wa juu kuvunjika kwa kusokotwa. Si kwamba mfupa ulikuwa dhaifu. Mkono wa mbele umezuiliwa na mwenzako, wewe unageuza mwili na bega kwa nguvu zako zote. Mfupa unasokotwa kama nguo ya kukamuliwa. Halafu kuna mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa huo huo. Ukibanwa, kifundo kinaning'inia, mtu hawezi kuinua kiganja kwa wiki au miezi.

Kanuni ni moja: kifua na uso viangalie mkono wako muda wote. Kama unauona mkono wako, uko salama zaidi. Ukianza kuangalia ukuta wa nyuma, achilia, ukubali umeshindwa. Na #1, jambo la mwisho: misuli inakua haraka kuliko kano. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwi... wa kisukusuku ukiyaona, pumzisha.

#27 MwalimuMstaafu
Asante.

#28 ChumaFreeArea
Nimesoma yote. Kwa hivyo nifanye nini? Niache baisepsi?

#29 KitaleKwaNguvu
Usiache! Badilisha. Shika dambeli kama nyundo, si kama sinia. Panda mpaka pembe ya mraba, simama hapo mpaka mkono utetemeke. Kisha funga taulo nene kwenye chuma ujivute kwa taulo, vidole vifanye kazi. Mimi sina hela ya jimu, nina mkebe wa Kimbo niliojaza saruji na kuchomeka bomba. Upande mmoja nimeuacha mtupu, mkebe uko upande wa pili tu, naugeuza kiganja juu chini kama mtu anayegeuza chapati. Kigasha kitakutukana.

#30 MzeeWaKibuye
Ama aende akamue.

#31 RefaBilaKadi
Jambo kubwa ni meza. Vutaneni na watu tofauti kila wiki, bila kushindana, polepole. Mchezo unajifunza mezani. Na wekeni sheria, kisukusuku kisiinuke (mwalimu, unaona?), mikono ikiteleza fungeni kwa mkanda kama wanavyofanya kwenye mashindano. Msidhani ni mchezo wa baa tu. Ulikuwepo kwenye Michezo ya Afrika kule Accra 2024, Ghana wakazoa medali nyumbani kwao. Sisi tunajua mbio pekee.

#32 BodaSection58
Labda mkamuaji alikuwa na mafuta ya kukamulia kwenye kiganja. Hiyo ya kuteleza ndiyo siri. Fungua kesi.

#33 DungaMakasia
Yakiwa mafuta basi naye angeteleza. Fikiri, omera.

#34 ChumaFreeArea
Wiki tano baadaye. Nimerudi.

Nilifuata ya #29 na ya #31. Baisepsi nimepunguza hadi mara moja kwa wiki. Jumapili ya jana mkamuaji alikuja tena kwa jirani, nikamwomba marudiano. Safari hii tumbo mezani, macho kwenye mkono. Alipotaka kupanda vidole nikakunja kifundo mapema nikamvuta ndani, ndoano ya #4. Nikaona uso wake umebadilika kwa mara ya kwanza. Tulikaa pale pale, hakuna anayesogea, mpaka mguu wa meza ukaanza kupinda. Na hapo niliisikia baisepsi, wandugu. Iliwaka kuliko siku yoyote ya jimu. Mkono wake ukagusa.

Jirani akasema kisukusuku changu kiliinuka. Shemeji yake akasema hakikuinuka. Watu wakagawanyika, sufuria ya chai ikapoa. Raundi ya pili akanilaza kama zamani, kwa vidole. Ya tatu haikufanyika. Alitazama saa akasema ng'ombe hawangoji.

#35 KitaleKwaNguvu
NDOANO. BAISEPSI. Nimemaliza.

#36 MzeeWaKibuye
Umemaliza nini? Raundi halali ni moja na kashinda mkamuaji.

#37 SindanoNaBendeji
Kifundo ndicho kilichookoa. Asingekikunja mapema, hiyo baisepsi isingefika kazini.

#38 RefaBilaKadi
Meza ilipinda. Hilo pambano halipo.

#39 BintiLurambi
Ulienda naye kukamua?

#40 ChumaFreeArea
Nilienda, ndiyo. Alinipa ng'ombe mpole kuliko wote. Alinionyesha: unabana chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu vidole vingine vinafunga kimoja kimoja kushuka chini, bila kuvuta. Yeye anafanya hivyo ng'ombe kumi na mmoja, asubuhi na jioni. Mimi dakika nne kigasha kikakaza, vidole vikakataa kufunguka. Nilipata kama nusu kikombe, kisha ng'ombe akapiga ndoo teke.

#41 BodaSection58
Nusu kikombe cha chai ama cha uji?

#42 ChumaFreeArea
Cha chai.